Pasipofika Upepo

Yoti yetu iliitwa Pidén, kwa jina la ndege wa mabwawa ya kwetu Valdivia, yule anayesikika kila jioni na kuonekana kwa nadra. Mume wangu, Aliro Mansilla, aliijenga kwa miaka kumi na mmoja kwenye banda la nyuma ya nyumba, nami nikimtazama kupitia dirisha la jikoni. Alikuwa seremala wa boti za wengine tangu ana miaka kumi na sita, na hii ndiyo pekee aliyojijengea mwenyewe. Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia. Nilistaafu mwaka uleule aliomaliza kupaka rangi, kwa hiyo kisingizio changu cha kubaki nyumbani kikaisha.

Tulipanga kuondoka Januari 1996, wakati hali ya hewa ya kusini inavumilika. Lakini Aliro hakuridhika na usukani. Akauvunja na kuuunda upya mara mbili, na tulipoteremka mto kuelekea baharini ilikuwa tayari wiki ya pili ya Machi.

"Wiki chache tu hizo, mwalimu," aliniambia. "Mvua ya kule hainyeshi kwa kalenda."

Hivyo ndivyo alivyoniita tangu siku za uchumba, mwalimu, na mimi nilimwita mzee hata kabla hajawa mzee. Sasa wote tulikuwa tumepita miaka sitini.

Hadi katikati ya Aprili tulikuwa tumefika Ghuba ya Penas, ambayo kila mtu wa pwani yetu huitaja kwa sauti ya chini. Tuliivuka kwa saa ishirini na mbili. Wimbi moja liliingia kwenye mlango wa chumba na kuiloweka redio kubwa, ile inayofika mbali. Aliro aliifungua, akaikausha kwa pumzi na kitambaa, haikuwaka tena. Tukabaki na kiredio cha mkononi na redio ndogo ya boti, ambayo sauti yake hukoma pale mlima unaposimama mbele yake. Kwa redio hiyo ndogo tuliongea na walinzi wa mnara wa taa upande wa pili wa ghuba. Walituuliza tunaelekea wapi.

"Puerto Edén," Aliro akawajibu. "Msitusubiri kabla ya wiki ijayo, mke wangu anapenda kutazama miti."

Wakacheka, wakatutakia safari njema. Ilikuwa Jumatatu. Baada ya hapo hapakuwa na mtu yeyote duniani mwenye sababu ya kututafuta kwa siku saba.

Jumanne tuliingia kwenye mkondo wenyewe, maji meusi kati ya milima miwili iliyosimama wima, mvua ikishuka tangu alfajiri na upepo wa kaskazini-magharibi ukitusukuma kwa nyuma. Kipima hewa kilikuwa kinashuka kila nilipokitazama, dalili ya tufani. Tulikuwa tunatafuta mahali pa kutia nanga mapema. Aliro alikuwa na mchoro wa penseli aliochorewa miaka mingi nyuma na mpiga mbizi mmoja wa Chiloé aitwaye Custodio, nyuma ya karatasi ya kalenda: hori dogo, yaani kijighuba, mlango wake wa upana wa boti mbili, umejificha nyuma ya mwamba. Custodio alimwambia kwamba humo ndani mshumaa huwaka bila kutikisika hata nje kukiwa na tufani. Aliro alilizungumzia hori lile kwa miaka kama watu wengine wanavyozungumzia nyumba watakayojenga.

Nilikuwa chini ninapasha supu ya kome. Tulipopita pembe ya mlima upepo uligeuka ghafla, nikasikia tanga likipiga kama bunduki, na boti ikalala. Nilipotoka, mti mzito wa chini wa tanga ulikuwa umeshakwenda upande wa pili, na Aliro alikuwa amekaa chini pale kwenye usukani, mgongo ukiegemea ubavu wa boti, mkono umebana mbavu za kushoto.

"Mzee, umeumia?"

"Nimepigwa na mti niliouchonga kwa mikono yangu," akasema. Hakuwa na pumzi. "Shika usukani kwanza, mwalimu. Maswali baadaye."

Nikashika usukani, nikateremsha tanga, nikawasha injini. Yeye hakusimama tena siku ile.

Ramani ilionyesha ghuba moja upande wa mashariki yenye alama ya nanga, nikaingia humo kwa sababu ilikuwa karibu. Ilikuwa imejaa mwani. Niliangusha nanga ikashika, nikadhani tumepona, kisha upepo ukaporomoka kutoka mlimani kwa kishindo, ukailaza Pidén mpaka vyombo vikamwagika, na nanga ikang'oka. Niliivuta juu ikaja na mzigo wa mwani mkubwa kama ng'ombe. Nikaukata kwa kisu, nikaangusha tena, ikang'oka tena. Mara ya tatu mikono yangu ilikuwa inavuja damu.

"Toka humu," Aliro akasema kutoka pale chini. "Hapa tutaamkia juu ya mawe. Tafuta la Custodio."

"Silioni hata kwenye ramani."

"Ramani imechorwa na watu waliokuwa na haraka. Tafuta mwamba wenye mti mmoja."

Nilitafuta kwa zaidi ya saa nzima, mvua ikinipiga machoni, mchana ukianza kufifia. Nililipita. Niligeuka nyuma kuangalia tu mawimbi, nikauona mwamba, na juu yake mti mmoja mfupi uliopindwa na upepo kama mtu anayefunga viatu. Kulirudia hori tulilokuwa tumelipita kwa dakika tano kulituchukua nusu saa, injini ikilia, mawimbi yakivunjikia usoni. Aliro alinisomea kipima kina kwa sauti ambayo sikuizoea. Mita thelathini. Kumi na nane. Tisa. Tano. Tano. Niliona mawe ya kulia na ya kushoto kwa wakati mmoja. Kisha tisa tena, na tukawa ndani.

Sijawahi kusikia ukimya wa aina ile. Masikio yaliniuma. Maji yalikuwa laini kama mafuta, matone ya mvua yakichora duara moja moja, na moshi wa jiko letu ukaanza kupanda wima. Juu sana, mawingu yalikuwa yanakimbia, na upepo ulisikika kama gari moshi linalopita mji wa jirani.

Kwenye mahori yale nanga peke yake haitoshi, lazima ufunge kamba kwenye miti ya ufukweni. Kwa kawaida Aliro ndiye aliyekuwa anapiga makasia nami nakaa na injini. Safari hii nilishuka mimi kwenye kihori, kile kimtumbwi chetu cha makasia, nikiwa na kamba begani, nikapanda mawe yenye utelezi, nikafunga, nikarudi kuchukua nyingine. Kamba nne. Aliro alijivuta mpaka ukingoni akanitazama.

"Fundo gani hilo?"

"Fundo."

"Hilo ni la kufungia ng'ombe."

"Basi ng'ombe huyu hatatoroka," nikamjibu, na akaanza kucheka, akaacha, akafumba macho.

Jioni ile alikunywa supu vijiko vinne. Alitazama kupitia kidirisha miti iliyosimama bila kutikisika. "Ndipo penyewe," alisema. "Custodio hakudanganya." Alikuwa na furaha, nami ninalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu limenisumbua kuliko mengine. Kisha akasema bega lake la kushoto linauma, ajabu, kwa maana bega halikupigwa.

Nilichukua redio nikaita kwenye chaneli ya dharura. Nikaita tena. Ilijibu kwa mvumo tu, kama maji yanayochemka. Nilifundisha watoto kusoma ramani za milima kwa miaka thelathini na minne. Nilijua kilichokuwa kinatokea. Mita mia saba za mwamba pande zote, na tundu moja dogo la kutokea.

"Kuta zote hizi, mzee. Hakuna anayetusikia."

"Kuta hizo ndizo zinazotukinga."

"Najua. Ndicho ninachokwambia."

Jumatano uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na alikuwa na kiu isiyokwisha. Nilimwambia natoka na boti hadi mlangoni nikaite. Alinishika mkono.

"Fresia." Aliniita kwa jina langu mara chache sana. "Ukitoka na upepo huu peke yako, utatuua wote wawili. Subiri upungue."

Kwa hiyo nilichukua redio ya mkononi, ile ya betri, nikaivalisha mfuko wa nailoni na kuanza kupanda mlima kwa miguu. Anayeujua msitu wa kule hanihitaji kumweleza. Hukanyagi ardhi, unakanyaga miti iliyooza na ukoka wa kijani, unazama mpaka kiuno, unajivuta kwa matawi yanayokatika. Saa nne nzima kupanda mlima ambao kwenye lami ungekuwa wa dakika ishirini. Nilifika kwenye bega la mlima lenye dimbwi na majani mafupi, nikauona mkondo mweupe kwa povu, nikawasha redio.

Nikasikia watu. Wanaume wawili, wazi kabisa, kama wamekaa mezani kwangu. Nadhani walikuwa kwenye meli mbili za mizigo zilizokuwa zinapishana mahali fulani kusini. Mmoja alikuwa anamuuliza mwenzake kama ameipata habari ya mechi ya Jumapili. Mwenzake akasema redio ya nyumbani haishiki, labda wakifika bandarini Natales.

Nikabonyeza nikasema, "Hapa yoti Pidén, yoti Pidén, nina mgonjwa, mnanisikia?"

"Refa mwenyewe mwizi," akasema yule wa kwanza.

Nikarudia. Niliita labda mara thelathini. Kile kiredio kilikuwa na nguvu ya kusikia na si ya kusikika. Waliendelea na refa, kisha na mke wa mtu fulani anayefungua duka la mikate, kisha wakaagana kwa utani, na ukabaki mvumo. Taa ya betri ikawa nyekundu, ikazimika.

Nilirudi kwenye boti giza likikaribia. Aliro alikuwa macho.

"Umemsikia mtu?"

"Nimesikia."

"Wao wamekusikia?"

"Hapana."

"Walikuwa wanazungumza nini?"

"Mpira."

"Nani kashinda?"

"Hawakusema, mzee."

"Watu wa ajabu," akasema. "Wanapoteza betri bila kusema nani kashinda." Akacheka safari hii mpaka machozi yakamtoka, mkono umebana ubavu, na mimi nikacheka naye kwa sababu sikujua la kufanya lingine.

Alhamisi aliamka ana nafuu. Hiyo ndiyo siku ninayoirudia. Alikaa kitandani, akala mkate na siagi, akaomba chai ya pili. Alianza kunieleza jinsi atakavyobadilisha kabati la vyombo, kwamba mlango wake unapaswa kufungukia mbele. Nilifua shati lake nikalitundika juu ya jiko. Nilijiambia kwamba mbavu huvunjika na huunga, kwamba baba yangu alianguka juu ya ghala na akawa anavuna viazi mwezi uliofuata. Nilitaka sana kuamini, na mtu anayetaka hivyo hahitaji kusaidiwa.

Yapata saa tisa mchana nilitoka nje nikaona mawingu yamepunguza mwendo. Ule mlio wa gari moshi ulikuwa umekwisha. Niliteremka nikamwambia, "Upepo umelala. Nafungua kamba, natoka, naita, narudi. Saa mbili tu."

Alitazama mikono yangu, ambayo nilikuwa nimeifunga vitambaa.

"Kufungua kamba nne na kuzifunga upya na mikono hiyo? Kesho kutakuwa kumetulia kabisa, mwalimu. Kesho tunatoka wote, mimi nashika usukani."

"Mzee, nimesema sasa."

"Na mimi nimesema kesho. Lini nilikudanganya kuhusu hali ya hewa?"

Hakuwahi. Na nilikuwa nimechoka mpaka mifupani. Miaka arobaini alikuwa ndiye anayesema lini tunaondoka na lini tunarudi, nami nilinung'unika kila mara na kila mara nikatii, na ilikuwa imetufaa. Nilikaa kwenye ngazi nikavua viatu. Baada ya muda usiozidi saa moja niliusikia upepo ukianza tena huko juu.

Ijumaa alfajiri hakuweza kuinuka. Tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao na midomo yake haikuwa na rangi. Sikumuuliza lolote. Nilimbana kitandani kwa mifuko ya matanga ili asianguke, nikawasha injini, nikachukua kisu cha jikoni. Kamba mbili za mbele nilizifungua. Zile za nyuma nilizikata.

Nje ya mlango upepo ulitupokea kama ulivyotuacha Jumanne. Niliielekeza Pidén kwenye mawimbi, goti likibana usukani, kipaza cha redio ya boti mkononi. Niliita mara ya kwanza, ya pili. Mara ya tatu sauti ya mtu mzima ikajibu, taratibu, kama anayejibu simu ofisini. Ilikuwa meli ya mizigo iliyokuwa inakwenda kaskazini. Nahodha wake hakuweza kuisogeza meli kubwa namna ile kwenye kona yangu kwa hali ile, na aliniambia hivyo bila kuzunguka, lakini alipeleka habari zangu kwa jeshi la majini na hakuondoka kwenye chaneli mpaka jibu liliporudi. Boti ya doria ilikuwa umbali wa maili sabini. Itakwenda dhidi ya upepo. Itafika jioni.

"Mama, umesikia? Jioni."

"Nimesikia."

"Rudi pale ulipokuwa. Usikae hapo nje."

"Ninarudi."

"Mungu awe nanyi, mama," akasema, na akataja tena chaneli nitakayotumia, ingawa wote wawili tulijua kwamba nikiingia ndani haitafaa kitu.

Nilirudi ndani, nikafunga kamba mbili zilizobaki. Ilikuwa karibu saa nne asubuhi. Nikaketi kando ya kitanda.

"Umezikata kamba," Aliro akasema. Alikuwa amesikia.

"Mbili tu."

"Kamba mpya zile."

"Wanakuja, mzee. Jioni wako hapa."

"Vizuri," akasema. Baadaye kidogo akauliza kama maji yanatulia, nikamwambia yametulia kabisa. Akaniomba nifungue kidirisha. Nikakifungua. Aliongea maneno machache kuhusu binti yetu Yanett, kwamba asibebeshwe boti hii kama haitaki. Kisha hakusema tena chenye maana. Alifariki saa nane na dakika ishirini mchana. Nilitazama saa kwa sababu nilijua wataniuliza.

Boti ya doria iliingia mlangoni saa kumi na moja na nusu, polepole, taa imewashwa. Muuguzi aliruka kabla hawajafunga kamba, akateremka ngazi, akakaa naye dakika mbili au tatu, akapanda akavua kofia. Yule ofisa aliyekuwa kiongozi wao alikuwa na umri kama wa wanafunzi wangu wa mwisho. Hakujua atazame wapi, akatazama kuta za mwamba.

"Nimepita mkondo huu miaka mitatu," akasema. "Sikujua kama kuna mahali kama hapa."

"Sasa unajua."

Alikuwa na fomu ya kujaza. Akaniuliza hori linaitwaje. Nikamwambia halina jina. Baada ya kusitasita akasema kwamba kwa kawaida, kukitokea jambo kama hili, familia ikipenda, jina la marehemu linaweza kupendekezwa kwa wachora ramani. Alikusudia wema, nilimwona. Nilimwambia aandike nambari za latitudo na longitudo.

Daktari aliyeupasua mwili wa Aliro kuuchunguza, huko Punta Arenas, alinieleza kwamba wengu ulikuwa umepasuka, kwamba damu ilivuja kidogo kidogo kwa siku tatu, ikajizuia, kisha ikafumuka. Maumivu ya bega lisilopigwa ndiyo dalili yenyewe, alisema. Nilimuuliza kama Alhamisi angeweza bado kuokolewa. Alipanga karatasi zake.

"Mama, mambo hayo hayajulikani kwa uhakika."

Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote. Namtambua mtu anayejua jibu na hataki kuliandika.

Wanachama wa klabu ya boti ya mto wetu waliirudisha Pidén kiangazi kilichofuata. Yanett hakuitaka, na hakuna aliyemlaumu. Iko kwenye lile banda, na ukungu umeshaanza kula rangi. Kila Agosti nasema nitamwita mtu aitazame, Agosti inapita.

Habari za hori zilienea, sijui kupitia nani. Kila mwaka napata barua mbili tatu kutoka kwa watu wanaosafiri kusini kwa yoti zao, wengi wageni, wamepewa anwani yangu na watu wa klabu. Wanauliza mlango uko wapi, kina ni mita ngapi, chini ni mchanga au tope. Nawajibu kwa ukamilifu: mwamba wenye mti mmoja, mita tano mahali pembamba zaidi, tope zito, linashika vizuri. Wanauliza kama ni salama. Naandika kwamba upepo haufiki humo. Mwanzoni niliongeza kwamba redio nayo haifiki. Kisha mmoja akanijibu kwa adabu kwamba siku hizi watu wana simu za setilaiti, kwa hiyo jambo hilo halitawahusu sana, na akanishukuru kwa maelezo ya kina. Nadhani yuko sahihi. Siliandiki tena. Wengi wao ni wawili, mume na mke, na mara nyingi katika barua hutaja ni nani kati yao anayeshika usukani.